Chaji ya Shangazi

Sanduku la Shangazi lilikuwa limeshaingia kwenye buti la teksi, na yeye mwenyewe alikuwa mguu mmoja ndani, mmoja nje, wifi yake alipotoa kichwa dirishani na kuuliza chaja ziko wapi.

"Ziko ukutani, wifi. Palepale pa siku zote."

"Hizo tunaziona. Hazichaji."

Shangazi akamtazama dereva. Dereva alikuwa ameshawasha gari, mkono kwenye usukani, anatafuna njiti ya kiberiti kama mtu aliyekwisha fika aendako. Basi lilikuwa linaondoka saa nne na muda ulikuwepo. Shangazi akautoa ule mguu wa ndani, akarudi kuwaonyesha swichi.

Alikuwa anahama. Si kutembea wala kusalimia watu, kuhama. Alikuja kwa kaka yake mwaka aliozaliwa Binti, ili amsaidie wifi yake mpaka apate nguvu. Wifi alipata nguvu, mtoto akatambaa, akasimama, akaenda shule, akaingia chuo, na Shangazi alikuwa bado anasaidia. Kila mwaka palikuwa na neno. Subiri mtoto aache ziwa. Subiri nyumba iezekwe. Subiri kaka yako apone mgongo. Sasa maneno yalikuwa yamewaishia. Rafiki yake mmoja, mshonaji, waliyejifunza naye kazi usichanani, alikuwa amekodi chumba katika mji mwingine, chenye dirisha la barabarani na cherehani mbili, na moja ilikuwa inamngoja Shangazi. Hakutaka makubwa. Alitaka akae nyuma ya cherehani yake, mtu aingie aseme anataka gauni la namna hii na hii, na jioni ikifika afunge mlango kwa ufunguo ambao ni wake.

Ndani, simu zilikuwa zimelazwa mezani. Ya Wifi ilizima jana. Ya Binti ilizima asubuhi, katikati ya umbea. Tableti ya kaka mtu, ambaye alikuwa mpima ardhi na hata mkewe alimwita Mpimaji, ilikuwa imebakiwa na ule mstari mwekundu mwembamba. Humo ndani mlikuwa na vipimo vya viwanja vya msimu mzima, na Jumatatu alitakiwa avikabidhi. Mpimaji alikuwa amesimama juu yake, mikono kiunoni, kama ndugu wa mgonjwa. Taa zilikuwa zinawaka. Friji ilinguruma. Pasi ilikuwa moto. Umeme ulikuwepo kwa kila kitu isipokuwa simu.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuliangalia. Kila jioni wenye nyumba walirudi wamechoka, wakatupa simu zao kwenye makochi, na Shangazi ndiye aliyezikusanya. Alizichomeka, akaziweka mapajani, akakaa nazo hivyo huku akichambua mchele au akirudishia watu vifungo, mpaka zijae. Kisha kila moja akaipeleka kwa mwenyewe. Wiki hii alikuwa anafunga mizigo. Hakuzikusanya.

"Zimeingia wazimu," alisema Mpimaji. "Binti, kimbia kwa fundi."

Binti akazikumbatia zote akatoka. Nje, dereva akazima gari.

Kibanda cha fundi wa simu kilikuwa kwenye kona, kati ya kinyozi na duka la vipuri vya baiskeli. Watu walimwita Chanzo. Mafundi wengine ukiwapelekea simu mbovu walikurudishia nzima au walikurudishia maiti, yakaisha. Huyu hakukurudishia kitu mpaka akwambie ugonjwa ulianzia wapi, utake usitake. Mama mmoja aliwahi kuambiwa kwamba simu yake imeharibiwa na machozi, chumvi imekula spika, akaondoka bila kuaga na alikuwa hajarudi. Chanzo hakuona kosa lake. Aliamini kwamba chanzo kikishajulikana, dawa inakifuata yenyewe, kama ndama anavyomfuata mama yake.

"Leo mmeniletea ukoo mzima," alisema.

"Fundi, acha maneno. Hazichaji."

"Zote?"

"Zote. Na za watu wawili kati yao zina kazi."

"Mmezimwagia nini? Sema kweli, mimi si mzazi wako."

"Hatujazimwagia kitu."

"Kila mtu anasema hivyo. Nikifungua, chai."

Alianza na ya nje, ndivyo alivyozoea, maana matatizo mengi ya simu hayamo ndani ya simu. Akabadilisha waya. Akabadilisha kichwa cha chaja. Akachomeka simu ya kinyozi kwenye waya uleule, ikachaji. Akachomeka ya Binti, ikanyamaza. Akawasha tochi, akachukua kijiti cha meno, akatoa kwenye tundu la chaji la simu ya Wifi nyuzi na vumbi la kutosha kumtengenezea panya mto. Akasugua kwa mswaki na spiriti. Akabonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na cha sauti, akavishikilia kwa subira, kwa sababu kuzima na kuwasha kumeponya simu nyingi kuliko mafundi wote wakikusanywa uwanjani. Hapakuwa na cha kuzima wala cha kuwasha. Basi akafungua mgongo wa simu ya Wifi, akatia betri nyingine iliyojaa. Betri ikaisha palepale, kama maji kwenye mchanga. Mwisho akagusisha vijiti vya kipima umeme, akakodoa macho.

"Umeme unafika mlangoni," alimwambia Binti. "Unabisha hodi. Simu ndizo hazifungui."

"Maana yake nini sasa?"

"Maana yake zimezoea mtu mwingine. Hii si ya kibandani. Twende kwenu."

Kinyozi, ambaye alikuwa anasikiliza huku mashine ikimngurumia mteja sikioni, alisema simu zikifika hapo watu wenye akili hununua nyingine. Chanzo akabeba mkoba wake.

Nyumbani akapima soketi za sebuleni, akapima za vyumbani, zote zilikuwa nzima. Akauliza maswali ambayo mafundi huuliza kwa mazoea.

"Wifi ya humu iko sawa?"

"Iko sawa, ila usiiudhi," alisema Mpimaji, akimtazama mkewe, na mkewe akamwambia achunge mdomo, ana pasi mkononi. Kisha Mpimaji akatoka kwenda kumtuliza dereva, Wifi akarudi chumbani na nguo zake, Binti akaenda kunywa maji.

Sebuleni wakabaki Chanzo na Shangazi. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, viatu vya safari miguuni, mkoba begani, anaitazama saa ya ukutani kwa adabu. Chanzo alikuwa anatafuta bisibisi ndogo na mikono haikumtosha.

"Mama, nishikie hii kidogo."

Shangazi akaipokea tableti akaiweka mapajani, mahali alipozoea kuweka vitu vya watu.

Tableti ikatoa ule mlio wake mdogo. Alama ya radi ikatokea kwenye kioo. Haikuwa imechomekwa popote.

Chanzo akaichukua, radi ikapotea. Akairudisha, ikatokea. Katika kazi yake mtu hubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, la sivyo hatajua kilichoponya, kwa hiyo akabadilisha. Aliweka simu ya Wifi: radi. Aliweka ya Binti: radi. Aliziweka zote kwa pamoja, zikakubali zote, ila polepole. Akakisogeza kiti mbali na ukuta, labda kuna waya umepita huko nyuma; radi. Akamwomba Shangazi avue saa ya mkononi, radi. Akaweka tableti kwenye mapaja yake mwenyewe, ikamtazama kama ng'ombe anavyomtazama mgeni.

Shangazi alikuwa ameelewa kabla yake. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kupoa, ubaridi uleule wa kila jioni ambao siku zote aliudhania uzee.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "si kuna wakati simu hufa tu?"

"Hufa, mama."

"Na ukisema zimekufa, watu hununua nyingine, zikachaji ukutani kama za watu."

"Hununua."

"Basi, baba."

Chanzo akazitazama simu. Zilikuwa zinaamka moja moja, kila moja ikiimba wimbo wake wa kuamkia, na meseji za tangu jana zilikuwa zinamiminika humo kama kuku waliofunguliwa banda.

"Lakini hazijafa, mama," alisema. Alisema kwa upole, kama daktari anayempa mtu habari njema.

Wifi akatoka chumbani. "Mlio huo nimeusikia. Tumepona, fundi?"

Nafasi ilikuwepo. Teksi ilikuwa nje na basi lilikuwa halijaondoka. Chanzo akasema chanzo.

Alieleza vizuri, kwa utaratibu. Alisema ukuta hauna kosa, waya hazina kosa, simu hazina kosa. Simu hizi zimenyweshwa na huyu mama kwa muda mrefu hata zimeusahau ukuta. Wifi alimsikiliza akibana mto wa kochi kwapani.

"Yaani si umeme? Ni wifi?"

"Ni yeye. Umeme ni wa taa."

"Nilikuwa nasema mimi. Simu ikilala kwa wifi inaamka na afya." Akakaa. Akauliza lile ambalo kila mteja huuliza. "Na anachaji haraka, au kawaida?"

"Kawaida."

"Aa," alisema Wifi, na ikaonekana amevunjika moyo kidogo.

Mpimaji alipoelezwa alitaka kujaribu mwenyewe. Akaketi, akaweka tableti mapajani, akangoja. Binti naye akajaribu. Hakuna. "Damu si ni ileile?" Mpimaji aliuliza. "Mimi na dada tumenyonya titi moja. Kwangu kuna nini?" Chanzo alimjibu kwamba habari za damu hazijui, anajua za umeme tu, na kwenye umeme kuna tundu la kutolea na tundu la kupokelea, wala hayabadilishani kwa siku moja.

Mpimaji akageuka. "Dada, Jumatatu natoa vipimo vya watu. Nisaidie mpaka Jumatatu tu."

"Basi linaondoka saa nne."

"Basi si mvua, dada. Kesho lipo."

"Cherehani inaningoja."

"Cherehani haina miguu, itakwenda wapi? Dada, wewe ndiye nguzo ya nyumba hii. Unataka tuezuke?"

Dereva alikuwa ameingia kuomba maji ya kunywa, akayasikia hayo. Akayanywa maji, akashukuru, akaenda kulitoa sanduku kwenye buti. "Nguzo haihami," alisema akiliweka barazani. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na abiria wengine.

Shangazi akachukua simu yake, ile ndogo ya vitufe, akampigia Mshonaji. Simu hii haikuwa na shida yoyote. Ilichaji ukutani, kando ya kitanda chake, tangu siku ya kwanza. Mapajani kwake haikuwahi kupata nafasi.

"Mwenzangu, nimechelewa kidogo."

"Umeachwa na basi, au umechelewa?"

"Mpaka Jumatatu."

"Jumatatu ipi? Maana Jumatatu za nyumba hiyo nazijua, zinazaa."

"Hii hii, wee."

"Haya. Cherehani nimeipaka mafuta, nimeifunika. Na kuna bibi harusi nimemwambia mwenye mkono mzuri yuko njiani. Usinifanye mwongo kwa watu."

Jumatatu Mpimaji alikabidhi vipimo na akapongezwa. Jumanne Wifi, ambaye aliuza mashuka kwa simu, alipata oda ya nyumba ya wageni yenye vyumba vingi, akaomba wifi yake amalizie naye wiki. Wiki iliyofuata Binti alikuwa na mitihani, na mihadhara yake yote ilikuwa kwenye simu. Hakuna aliyemwambia Shangazi asiende. Kila mmoja alimwambia ni kidogo tu.

Tena walimtunza. Walimletea kochi laini lenye maua na wakaliweka katikati ya sebule, na mto wa mgongoni, na kiti cha kuwekea miguu. Walitafuta msichana wa kupika na kufua, kwa kuwa Shangazi akienda jikoni chaji ilikatika. Na jioni familia nzima ilikaa naye karibu kuliko miaka yote, sababu simu ikiwa kwenye chaji mtu anaweza kuendelea kuitumia. Mpimaji upande huu, Wifi upande ule, Binti chini mkekani, kila mmoja mkono kwenye paja la Shangazi, kichwa kimeinama. Mpita njia akichungulia dirishani angesema, tazama mwanamke anayependwa. Shangazi aliwaeleza habari za mchana, kwamba paka wa jirani amezaa, kwamba mfereji wa nje unavuja. Wakasema "mm". Baadaye akaacha kueleza.

Simu zikizidi, alififia. Kwanza mikono ilipauka, kisha mabega, na maua ya kochi yakaonekana kupitia kifua chake, kwa mbali, kama nguo iliyopauka juani. Wifi aliliona hilo mapema, akaweka utaratibu: zisiwekwe nyingi kwa pamoja, kwa kuwa akififia sana zinachelewa kujaa. Mwenye nyumba wa jirani alikuja siku umeme ulipokatika mtaani, akaomba msaada wa mara moja. Chanzo alikuwa ameshaonya kwamba simu ikionja hapo haikubali tena ukutani, lakini watu huonywa mambo mengi. Jirani akawa anakuja kila siku. Kisha akaja na shemeji yake.

Mshonaji alipiga tena.

"Bibi harusi ameolewa na nguo ya mwingine."

"Nisamehe."

"Sikupigii kugombana. Unakula?"

"Nakula."

"Sauti yako imekuwa nyembamba. Kama mtu anayeongea akiwa ndani ya kabati."

"Ni mtandao," alisema Shangazi.

Huko kibandani Chanzo hakuwa na raha. Alikuwa amesema chanzo na dawa haikufuata. Alikuwa akipita nyumbani kwa Mpimaji mara kwa mara na mkoba wake, bila kuitwa, akikaa kidogo, akipima hiki na kile, akiondoka. Mwisho akamwomba Shangazi amshikie simu yake yeye mwenyewe, siku baada ya siku, mpaka nayo ikaukataa ukuta. Kisha akaenda kuitibu. Akafuta takataka zake zote, haikusaidia. Akapakia programu mpya, haikusaidia. Akabadilisha tundu la chaji, haikusaidia. Akabakiwa na ile dawa ambayo mafundi huiweka mwisho, akairudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, akafuta kila kilichomo mpaka ikamuuliza anataka lugha gani, kama mtoto wa jana. Akaichomeka. Ikachaji. Haikumkumbuka mtu yeyote.

Ilikuwa mchana wa jua kali. Chanzo alimwacha mteja amekaa kwenye benchi akaenda kwa Mpimaji karibu anakimbia.

"Dawa ipo," alisema hata kabla ya kukaribishwa. "Zinafutwa, zinaanza upya. Ukutani zitachaji, na mama atakwenda zake."

"Zinafutwa nini?" aliuliza Wifi.

"Kila kilichomo."

"Na picha?"

"Picha nitazitoa kwanza, niziweke pembeni."

"Na namba za wateja?"

"Nazo."

"Na stika zangu?" aliuliza Binti.

"Na stika zako, dada."

Kwenye kochi, maua yakapungua kidogo kifuani mwa Shangazi. Alikuwa amekaa wima.

Chanzo alileta kompyuta yake na waya, akakaa sebuleni akazihamisha picha. Zilipita mbele yake moja moja, kwa kuwa kompyuta yake ilikuwa nzee. Binti hana meno ya mbele. Binti na sare mpya, soksi zimevutwa mpaka magotini. Wifi na keki. Mpimaji na wenzake wa kazini, kila mmoja amevaa kofia ngumu. Siku ya kuezeka, familia nzima imejipanga mbele ya mabati yanayong'aa. Siku ya chuo. Miaka yote ilikuwemo na watu wote walikuwemo, ila Shangazi. Kwenye picha kadhaa palikuwa na kidole gumba pembeni, kimefifia, na kwenye ile ya mabati palikuwa na kivuli cha mtu kimeanguka hadi kwenye miguu yao, viwiko vimeinuliwa.

"Hiyo ya mabati ilinitesa," alisema Shangazi kutoka kwenye kochi. "Ilibidi nirudi nyuma mpaka kwenye shimo la chokaa ndiyo wakaenea wote. Imetoka vizuri?"

"Imetoka vizuri, mama."

"Wameenea?"

"Wameenea wote."

Alipomaliza akawaita. Aliwaonyesha kwamba kila kitu kimehifadhiwa, akawaomba wahakikishe, wakahakikisha. "Sasa nizifute?"

Mpimaji akajikuna kidevu. Alisema kuna programu ya ofisi ambayo neno lake la siri amelisahau, ikifutwa hataweza kuingia tena, na aliyeisimika yuko likizo. Tufanye mwisho wa mwezi. Wifi akasema kweli, mwisho wa mwezi, kwa sababu hata yeye kuna wateja wanaomsubiri jibu hivi sasa, simu ikizimwa nusu siku watakwenda kwa wengine. Binti alisema yeye yuko tayari hata leo, lakini hawezi kuwa wa kwanza peke yake. Hakuna aliyekataa. Chanzo aliwatazama mmoja baada ya mwingine na bisibisi mkononi, ingawa kazi ile haikuhitaji bisibisi.

"Nenda zako, baba," alisema Shangazi. "Umejitahidi."

Chanzo akakusanya waya zake. Alipofika mlangoni alirudi mpaka kwenye kochi, akainama.

"Ningesema zimekufa," alisema.

"Ungesema," alisema Shangazi.

Mwisho wa mwezi ulikuja ukaenda, na uliofuata vilevile.

Mshonaji alingoja mpaka msimu wa sare za shule, kazi ikamzidi, akampa mjane mmoja ile cherehani ya pili. Mjane naye ana mkono mzuri. Mshonaji alipiga kumwarifu Shangazi kabla hajasikia kwa watu, na Shangazi akamwambia amefanya vyema, chombo kikikaa bure kinashika kutu. Bado wanapigiana, ila Mshonaji hulazimika kuziba sikio la pili ili amsikie.

Dereva aliuza teksi akanunua gari la kubebea mchanga.

Mpimaji alipandishwa cheo. Siku hizi hapimi mwenyewe, anatuma vijana. Neno la siri alilikumbuka siku moja akiwa anaoga, na akasema atalishughulikia.

Wifi alifungua duka la mashuka upande wa mbele wa nyumba. Wateja wanaokuja na simu zilizoisha hukaribishwa ndani.

Chanzo aliacha kusema chanzo. Ukimpelekea simu anakwambia imepona au imekufa, na kuna watu wanaapa kwamba amewaambia imekufa ilhali ilikuwa nzima. Mteja yule wa machozi alirudi kwake na wanasikilizana. Sasa anauza makava na vioo vya kubandika zaidi kuliko anavyotengeneza. Nyumbani kwa Mpimaji hapiti, anazunguka kwa nyuma, kwenye njia ya vipuri vya baiskeli.

Binti alimaliza chuo, akapata kazi, akaolewa, akahamia upande wa pili wa mji. Simu zake hazikukubali umeme wa huko, na mama yake hakukubali kumwachia Shangazi moja kwa moja. Walivutana kidogo, wakapatana: wiki hii huku, wiki ile kule. Kote wamemwekea kochi. Binti ana mtoto anayetambaa, naye akimfikia Shangazi hujishika kwenye magoti yake akajaribu kupanda, lakini mapajani hakuna nafasi, wenye simu humnyanyua wakamweka chini. Shangazi humtazama. Ni mwepesi sasa, na jua likipiga dirishani unaweza kuona ukuta nyuma yake, picha za ukutani na misumari iliyozishikilia. Wageni wakiingia huweka simu kwanza, halafu hutafuta pa kukaa. Wengine humsalimu.